Dadu mbili na daftari moja: namna ya kuongoza mchezo wa hadisi

Jioni hapa Lemera, simu ikishazima na hakuna pa kuichaji, kunabaki michezo ileile: karata, damu, ludo. Kuko mchezo mwingine ambao hauombi umeme wala intaneti, na wengi wetu hatujawahi kuuona. Watu wanne ao watano wanaketi kuzunguka meza. Mmoja anaongoza. Kila mmoja kati ya wengine anakuwa mtu wa hadisi: mwindaji, mfua vyuma, mama anayejua mimea, binti wa mwami aliyekimbia nyumbani. Mwongozaji anaeleza pahali walipo na kinachotokea, kisha anauliza: “Munafanya nini?” Wanajibu. Yeye anaeleza matokeo, anauliza tena. Mchezo wote njo huo.

Ulizaliwa kutoka vita, na hilo tusilisahau. Katika karne ya 19 maofisa wa jeshi la Prussia, nchi iliyokuja kuwa sehemu ya Ujerumani, walijifunza vita juu ya ramani, na mwamuzi mmoja akisema nani ameshinda. Baadaye raia wakacheza vita hivyo kwa kujifurahisha. Mwaka 1969, huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliwapa wachezaji wake kitu kipya: wewe ni meya wa mji, wewe ni mkubwa wa chuo kikuu. Watu wakaacha kusogeza majeshi, wakaanza kuongea, kupatana, kudanganyana. Mwenzake Dave Arneson alichukua wazo hilo akalipanua, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za kwanza. Mingine yote imefuata huo.

Sasa dadu zinafanya kazi gani? Zinajibu pale ambapo hakuna mtu mezani anayejua jibu. Mchezaji akisema anafungua mlango, na mlango hauna kufuli, mlango umefunguka. Usitupe dadu juu ya mlango. Akisema anaruka mtaro huku amebeba mtoto mugongoni, hapo tupa.

Dungeons & Dragons inatumia dadu ya pande 20, ambayo si rahisi kuipata sokoni kwetu. Lakini hata wenyewe walizikosa: mwaka 1979 dadu zilipopungua, kampuni iliweka ndani ya boksi vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, watu wavitoe katika kikombe. Kuko njia nyepesi zaidi, dadu mbili za ludo. Mchezo wa Vincent Baker uitwao Apocalypse World, wa mwaka 2010, unafanya hivi: unajumlisha dadu mbili. Ukipata 10 ao zaidi, umefaulu kabisa. Kuanzia 7 mpaka 9, umefaulu lakini unalipa kitu. Ukipata 6 kushuka chini, mwongozaji analeta shida. Mtu mwenye ufundi wa jambo hilo anaongeza 1 ao 2.

Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36. Namna 15 zinatoa 6 kushuka chini, 15 zinatoa 7 mpaka 9, na 6 tu zinatoa 10 kwenda juu. Maana yake mtu anafaulu zaidi ya nusu, lakini mara nyingi kwa bei. Na utamu uko katika bei.

Tuseme wachezaji wako ukingoni mwa mto uliojaa, usiku, wanapeleka dawa kijiji cha ng’ambo. Mwindaji anataka kuvuka kwa kamba. Anatupa 5 na 3, yaani 8. Mwongozaji mvivu atasema, “Sawa, umevuka.” Mwongozaji anayejua kazi atasema: “Umefika ng’ambo, kamba imeshika. Lakini mfuko umepasuka katikati ya maji. Mkono wako unafikia dawa ao chumvi, si vyote viwili. Unashika gani?” Meza inanyamaza kidogo, kisha kelele. Chumvi ilikuwa ya kumlipa nani? Nani anangoja dawa? Hapo hata yule aliyekuwa anasinzia ameamka.

Waongozaji wapya wanakosa sana mahali pawili. Wanafikiri wanashindana na wachezaji, wakati mvua, mto na maadui wote viko mkononi mwao. Kuwaua wachezaji ni kazi ya dakika moja na hakuna ushujaa ndani yake. Ao wanaandika hadisi yote mbele, kisha wanawasukuma watu kama ng’ombe wa kwenda soko. Andaa pahali pamoja na watu watatu, kila mmoja na shida yake. Inatosha.

Na si lazima kuazima majoka ya Ulaya. Kivu tuna Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa upande wa Walikale. Mwaka 1956 msimulizi Shekarisi Rureke aliieleza hadisi yake kwa siku 12, akiimba na kucheza. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa kama kitabu mwaka 1969. Mwindo anazaliwa akitembea na kuongea, usinga mkononi. Baba yake, mwami Shemwindo, hataki mtoto wa kiume. Anamfungia ndani ya ngoma na ngoma inatupwa mtoni. Wengi wanapenda hapo. Mimi ninapenda mwishoni: Mwindo anaua joka Kirimu, na Nkuba, yaani radi, aliyekuwa rafiki wa joka hilo, anampandisha juu mwaka mzima akateseke kwa baridi, mvua na jua. Mwongozaji anaweza kuishi miezi mingi na swali hilo moja. Yule muliyemuua, alikuwa rafiki wa nani? Wachezaji wakishaulizwa hivyo mara mbili, wanaanza kuongea na adui kabla ya kushika mkuki.

Kwetu swali hilo si la mchezo tu. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa hapa, katika hospitali ya Lemera, na wazee wetu wanakumbuka. Kuko vijana waliobeba bunduki ya kweli. Ukisema, “Munafika kwenye bariere, kuko watu wenye silaha,” kwa kijana wa London ni hadisi. Kwa kijana wa milima yetu inaweza kuwa Jumanne iliyopita.

Kwa hiyo jioni ya kwanza muketi bila dadu. Kila mmoja aseme kitu ambacho hakiingii mezani kabisa, na kitu kinachoweza kutajwa lakini kisielezwe. Ubakaji, mimi nauweka nje bila mjadala. Mwingine atasema mafuriko, kama alikuwa Uvira Aprili 2020. Asiulizwe sababu. Anayeogopa kusema mbele ya wenzake amwandikie mwongozaji kikaratasi bila jina. Tena, mwaka 2013 Mmarekani John Stavropoulos alipendekeza kuweka katikati ya meza karata yenye alama ya X: mtu akiigusa, kile kilichokuwa kinaelezwa kinafutwa papo hapo na hadisi inapita njia nyingine. Kipande cha boksi kinatosha. Wakubwa wengine watacheka kwamba ni uoga. Wacheke. Lakini mchezo huu si matibabu: anayeamka usiku akipiga kelele apelekwe kwa wenye kazi hiyo.

Na kanisa? Swali litakuja. Huko Marekani lilikuja mapema: mwaka 1983 Patricia Pulling, mama aliyepoteza mtoto wake, alianzisha shirika la kuupinga mchezo huu, na Wakristo wengi waliamini unafundisha uchawi. Mwaka 1990 mwandishi Michael Stackpole alipitia madai yake na kuonyesha kwamba hayakusimama. Hata hivyo, wazazi wasipotulia juu ya neno “mchawi”, ondoa wachawi. Mto, njaa na jirani mwenye deni vinatosha kujaza jioni. Mwalike mchungaji aketi saa moja aangalie. Akitaka, apewe dadu.

Mfululizo wa jioni hizi Wamarekani wanauita kampeni. Kwetu neno hilo lina kura na T-shirt za bure, basi mimi nasema safari. Jipangieni jioni sita, si mwaka mzima, na mumalize mapema ili kila mtu afike kwao kungali na mwanga. Daftari moja liandikwe majina, madeni na ahadi, kwa sababu wachezaji wanasahau ahadi haraka kuliko majina. Kila mara muanze kwa mmoja kueleza mulipoishia, asiwe mwongozaji. Na siku mtu akikosa kwa sababu ya shamba ao ya mgonjwa nyumbani, mtu wake wa hadisi abaki nyuma kulinda mbuzi. Asife wakati mwenyewe hayuko.