Kaseti ya bei chee kwa Game Boy Advance: kasheshe iko kwenye kusevu

Wauzaji wa kaseti za flashi za Game Boy Advance hupenda kukuonyesha kitu kimoja: orodha ndefu ya gemu kwenye kadi ya microSD, unachagua moja, inafunguka chap. Ukiona hivyo unahisi kaseti imefaulu mtihani. Lakini kufungua gemu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kaseti ya bei chee na ile ya bei mbaya zinaachana baada ya hapo, na mara nyingi utaligundua hilo ukiwa umeshacheza saa thelathini: unawasha mashine, na gemu inakupeleka mwanzo kabisa kana kwamba haijawahi kukuona.

Kwanza tuelewane kaseti yenyewe ni nini. Game Boy Advance (GBA) ilitoka mwaka 2001. Kaseti zake za asili zina chipu ya kumbukumbu inayoandikwa kiwandani mara moja tu, na konsoli inaweza kuona hadi megabaiti 32 za gemu kwenye kaseti. Kaseti ya flashi ina umbo lilelile, ila ndani kuna tundu la microSD, kumbukumbu inayoandikika upya, na chipu ya kuratibu mambo. Kwa mwanafunzi anayetaka kuandika gemu yake mwenyewe ni kifaa kitamu kweli, maana GBA haina mfumo endeshi wa kukufichia vifaa: unaongea na skrini na vitufe moja kwa moja.

Kuhusu sheria, nisipite kimya. Gemu za watu zina hakimiliki hata kama konsoli yake haiuzwi tena dukani, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Uingereza iliipa Nintendo ushindi katika kesi ya kaseti za namna hii zilizotengenezwa kwa ajili ya Nintendo DS. Hapa nazungumzia gemu unazoandika mwenyewe, zile ambazo wenyewe wamezitoa bure, na nakala za kaseti unazomiliki pale sheria ya ulipo inaporuhusu.

Sasa swali la kifizikia: kwa nini konsoli isisome gemu moja kwa moja kutoka kwenye microSD? Kwa sababu ya haraka. Prosesa ya GBA inapiga mapigo kama milioni 16.78 kwa sekunde, yaani pigo moja ni karibu nanosekunde 60. Gemu nyingi hutarajia jibu kutoka kwenye kaseti ndani ya mapigo 4 kwa ombi la kwanza, na 2 tu kwa maombi yanayofuatana. Hiyo ni kama nanosekunde 240 na 120. Kadi ya microSD nayo hutoa data kwa vifurushi vya baiti 512, na inaweza kuchukua sehemu kubwa ya milisekunde kabla haijatoa baiti ya kwanza. Milisekunde moja ni mapigo zaidi ya 16,000! Na kaseti haina waya wa kuiambia konsoli "ngoja kidogo". Muda ukifika, konsoli inasoma chochote kilichopo kwenye nyaya, hata kama ni takataka.

Ndiyo maana kaseti hufanya kama mwenye duka: hatoki kwenda stoo kila mteja anapoulizia kiberiti, anapanga mali kaunta kabla hajafungua. Gemu inanakiliwa kutoka microSD kwenda kwenye kumbukumbu ya haraka, halafu ndiyo inaanza. Mtengenezaji anayebana pesa anaweza kuweka kumbukumbu isiyofikia kasi hiyo, kisha menyu ya kaseti inabadilisha gemu ili isubiri zaidi kila inaposoma. Kaseti za zamani za SuperCard zinajulikana sana kwa hili. GBA ina mapigo 280,896 ya kuandaa kila picha, na picha ni karibu 60 kwa sekunde. Gemu isiyotumia mapigo yote hutaona tofauti. Ile inayotumia karibu yote itaanza kukokota miguu. Kwa hiyo usipime kasi kwa gemu ya karata. Pima kwa mbio za magari au mapambano yenye vitu vingi kwenye skrini.

Kukokota miguu kunaudhi tu. Kusevu ndiko kunakoumiza.

Gemu za GBA hazisevu kwa njia moja. Nyingine hutumia SRAM ya kilobaiti 32, kumbukumbu inayosahau kila kitu umeme ukikatika, kwa hiyo hushikiliwa na betri ndogo ya duara ndani ya kaseti. Nyingine hutumia EEPROM ya baiti 512 au kilobaiti 8, nyingine chipu ya flashi ya kilobaiti 64 au 128. Pokémon Emerald, kwa mfano, iko kwenye kundi la 128. Kaseti nyingi za bei chee zina SRAM peke yake, basi menyu inalazimika kuingia ndani ya gemu na kubadilisha msimbo wa kusevu ili gemu iliyozoea EEPROM iandike kwenye SRAM bila kujijua.

Inajuaje gemu ni ya aina gani? Kumbe programu za Nintendo za kusevu huacha maneno kama "EEPROM_V" au "FLASH1M_V" ndani ya faili la gemu, na menyu inayatafuta. Ukiandika gemu yako bila maneno hayo, kaseti inabahatisha. Gemu nyingine husema uongo makusudi: zile za Classic NES Series za mwaka 2004 zinajidai zinatumia SRAM kumbe zinatumia EEPROM, na zikikuta SRAM zinagoma kabisa. Ukiwa nayo moja, ni mtihani mzuri kweli wa kaseti.

Hata menyu ikipatia, bado. Kwenye kaseti za aina hii, ulichosevu kinabaki kwenye SRAM hadi utakapowasha tena konsoli, ndipo menyu inakinakili kwenye microSD. Katikati ya hapo, kinachokulinda ni betri tu. Kaseti za gharama zaidi huweka FRAM, ambayo haihitaji betri kukumbuka.

Niliyoipima niliiandikia programu ndogo: inajaza kilobaiti zote 32 kwa namba ninazozijua, kisha inazisoma na kulinganisha. Zima, washa mara moja: safi. Zima, iache wiki nzima: safi. Kisha nikaiwasha mara moja bila microSD, nikazima, nikairudisha kadi. Menyu ikaamini imeshanakili, na nilipofungua programu ikaipakia sevu ya zamani juu ya mpya. Nilipozima umeme katikati ya kunakili ilikuwa mbaya zaidi: faili lilibaki nusu, na hakukuwa na nakala ya akiba ya lile la awali. Kadi nilikuwa nimeihakiki kabla kwa programu ya F3, maana kadi feki inayojidai gigabaiti 128 ingeweza kuleta balaa hilohilo, ukailaumu kaseti bure.

Kwa kujaribia gemu zangu naiona inatosha, na kwa bei yake sina neno. Kwa gemu ndefu ningeongeza hela nipate yenye FRAM. Kama umeshanunua ya bei chee, basi kila ukimaliza kucheza: sevu, zima, washa tena, subiri hadi menyu itokee yote, halafu ndiyo uzime na kuweka mfukoni.