Mpira asubuhi, muziki usiku: Jumamosi ya kijana wako inamwachia nini mwilini?

Ni saa 12 asubuhi, Jumamosi, jijini Dar es Salaam. Kijana wa miaka 15 ameshavaa viatu vya mpira kabla baba yake hajaamka. Chai amekunywa nusu kikombe akiwa amesimama, chapati ameiacha mezani. Wenzake wanamsubiri uwanjani, mechi ya mchangani inaanza saa 1.

Saa 5 mechi imeisha, jua limepanda. Wanakaa chini ya mwarobaini wakibishana kuhusu penalti, soda moja wanagawana watu watatu. Mchana wanakwenda ufukwe wa Coco kula mihogo na kupiga danadana. Jioni kuna singeli jukwaani, na hakuna anayetaka kusimuliwa. Anarudi nyumbani saa 5 usiku, kichwa kinamuuma. Mama anamuuliza kama amekula, naye anajibu kwa kupiga kelele kama vile mama yupo nyumba ya tatu. Masikio yake yanalia.

Familia nyingi zinaijua Jumamosi ya namna hii. Na siyo siku mbaya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na kijana anayecheza na marafiki ana nafuu kuliko anayeshinda na simu kitandani. Shida ni jua, kelele na kukosa usingizi vinapokutana ndani ya siku moja.

Maji yaanze kabla ya kiu

Anayekimbia juani hupoteza maji na chumvi kwa jasho, na mara nyingi kiu huja akiwa tayari amepungukiwa. Anywe maji kabla ya kutoka, kisha mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20 za mchezo. Mkojo wa rangi ya njano iliyokolea, kichwa kuuma, kizunguzungu au misuli kukaza ni dalili kwamba aende kivulini apumzike.

Akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali haraka, huku akipoozwa mwili kwa maji na kupepewa. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui.

Vinywaji vya kuongeza nguvu visichukue nafasi ya maji. Vingi vina kafeini na sukari nyingi, na madaktari wa watoto hawavishauri kwa umri huu.

Mwenye selimundu au pumu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Kwa mtoto huyu, upungufu wa maji, uchovu mkali au baridi ya usiku baada ya jasho vinaweza kuamsha maumivu makali. Kumfungia ndani siyo dawa. Mzazi azungumze na daktari kuhusu kiwango cha mchezo kinachomfaa, ampe chupa yake ya maji na sweta. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta. Kocha na rafiki mmoja wa karibu wajue hali yake.

Asisimame mbele ya spika

Kwa mujibu wa WHO, mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Karibu na spika za jukwaani, sauti huweza kufika desibeli 100 na zaidi.

Sauti kubwa huumiza chembe nyororo zilizo ndani ya sikio, na zikifa hazioti tena. Mlio ule wa usiku ni onyo. Kijana akae mbali na spika, atoke nje mara kwa mara kuyapumzisha masikio, na atumie vizibo vya masikio vikipatikana. Pamba ya kawaida haizuii vya kutosha. Mlio au usikivu hafifu ukiendelea hadi kesho yake, aonwe na daktari.

Kubalianeni kabla hajatoka

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Kwa hiyo mkubaliane mapema saa ya kurudi, atarudi na nani na kwa usafiri gani. Akitaka vyote viwili, mechi na muziki, alale kidogo mchana badala ya kushinda ufukweni.

Makatazo matupu humfundisha kutoroka. Mzazi anayeuliza matokeo ya mechi kwanza, kisha akauliza kama alikunywa maji, ndiye atakayeambiwa ukweli masikio yanapolia.