Kidole cha Mtoto Kabla ya Jina Lake

Mtoto mchanga huja duniani amekunja ngumi. Mkunga humfuta, humpima uzani, kisha humlaza kifuani kwa mamake, na siku hiyo ya kwanza mara nyingi hana jina. Kwa familia nyingi za Kwale jina husubiri siku ya saba, nywele zinyolewe, na aliyejaliwa achinje akika. Hadi hapo, kwenye daftari la wodi, yeye ni "mtoto wa" fulani tu.

Mwaka 2019 hospitali ya Kinango, hapa Kwale, ilichaguliwa kwa jaribio la kumtambua mtoto huyo kabla hajapewa jina. Kampuni ya Kijapani ya NEC, Chuo Kikuu cha Nagasaki na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, zilikusudia kuchukua alama za vidole za watoto wachanga pamoja na sauti za mama zao, ili kumbukumbu za chanjo zisipotee. Habari hiyo ilipita kimya kimya Kenya. Naona ilistahili kuzungumzwa kwa muda mrefu zaidi, hasa huku kwetu.

Shida yenyewe ni ya kweli. Mtoto anatakiwa kupata chanjo ya kifua kikuu na ya polio akizaliwa, arudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha apate ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Katikati ya safari hiyo, kijitabu cha kliniki hulowa mvua, huchanwa na ndugu zake, au hubaki Lunga Lunga kwa bibi wakati mama amefuata kazi za hoteli Diani. Muuguzi akitaka kumtafuta mtoto kwa jina, anakutana na mila zetu. Mjukuu hurithi jina la babu au bibi, majina yale yale huzunguka ukoo mzima, na mtoto mmoja anaweza kuwa na jina la kuitwa nyumbani na jingine la cheti. Kina Mwanasha Hamisi wangapi wanapita kliniki moja kwa mwezi?

Kidole, tofauti na jina, hakina kinachofanana nacho. Matuta yale madogo kwenye ncha zake huanza kujitokeza mtoto akiwa tumboni, karibu na wiki ya 13, na kabla ya kuzaliwa mchoro umeshakamilika. Jinsi unavyochorwa ilielezwa vizuri mwaka 2023 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Matuta huota kama mawimbi yanayoanzia sehemu tatu: katikati ya ncha ya kidole, karibu na ukucha, na kwenye mkunjo wa kiungo. Molekuli moja inachochea tuta liote, nyingine inalizuia, na kutokana na mvutano huo mistari inajipanga. Ni kanuni ileile aliyoiandika mwanahisabati Alan Turing mwaka 1952, na ndiyo inayotumiwa kueleza milia ya pundamilia. Mawimbi yakikutana, huzaa upinde, kitanzi au mzunguko, kama maji ya bamvua yanavyojizungusha yakiingia kwenye mlango wa mwamba. Tofauti ndogo sana za mahali na wakati hubadilisha mchoro, ndiyo maana hata mapacha waliotoka kwenye yai moja hawalingani.

Tatizo ni kuusoma. Kwa mtu mzima, nafasi kati ya tuta na tuta ni kama nusu milimita. Kwa mtoto mchanga ni kama nusu ya hapo, tena ngozi ni laini, ina unyevu, inabanduka siku za mwanzo, na mwenyewe hataki kufungua ngumi. Mashine ya kawaida ya kusomea vidole huona nukta 500 katika kila inchi, na hizo hazimtoshi. Anil Jain wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliyefanya kazi hii kwa watoto wa Agra nchini India, alilazimika kutumia mashine yenye nguvu zaidi ya mara mbili, na waliotambulika kwa uhakika mkubwa ni wale waliopita miezi sita. Ndiyo sababu ya kuongeza sauti ya mama pale Kinango. Mtoto hasemi, ila hafiki kliniki peke yake.

Na kompyuta haihitaji picha nzima. Hutafuta vituo, yaani mahali tuta linapokatika au linapogawanyika pande mbili, halafu huhifadhi mpangilio wa vituo hivyo kwa namba. Siku mtoto akirudi, mashine hulinganisha namba na namba kisha hutoa kadirio: huyu anafanana na yule kwa kiasi hiki. Jibu lake daima ni kadirio, na mahali fulani mtu ameamua kadirio gani linatosha. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona linavyoumiza. Bibi yangu wa Msambweni alishona makuti na kusokota kamba za makumbi tangu usichana. Ofisi moja ilimwambia aweke kidole ili apate haki yake, akaweka, mashine ikakataa. Alirudishwa nyumbani mara tatu kama mtu anayejisingizia. Vidole vyake vilikuwa vimelika kwa kazi, sawa na vya wachonga mawe na wavuvi wengi wa pwani hii. Mfumo wowote wa kidole usioweka njia nyingine kando yake unawaadhibu wale waliofanya kazi ngumu zaidi.

Huku Kwale, kidole pia kina historia yake. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915 na kuanza kuitekeleza kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, karatasi ikawekwa kwenye kikebe cha chuma, akakivaa shingoni. Alama hiyo ilimwezesha mwajiri kumfuata aliyekimbia kazi. Miaka mingi baadaye, Wamakonde ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya huku, walililia kidole chao kipigwe wino. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, ndipo wakatambuliwa kama kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa mwambao huu walingoja hadi 2023. Alama ileile ya kidole imewahi kuwa mnyororo, na imewahi kuwa mlango wa kuingilia uraia.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtafiti ni hili: alama hii itafungua milango mingapi? Iliyochukuliwa kwa ajili ya chanjo inaweza kesho kutumika kutafuta madeni, au kumsaka mtu. Neno la siri likiibwa utalibadilisha. Kidole utakibadilishaje? Mwaka huohuo wa 2019, mwezi Novemba, Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data. Alama za mwili zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Za mtoto hazichukuliwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na ni lazima masilahi ya mtoto yatangulizwe. Mwenye taarifa ana haki ya kuambiwa zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, kuzisahihisha, na kuomba zifutwe. Sheria hii ina meno. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni na mradi wa Worldcoin kwa ahadi ya sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe.

Lakini ridhaa ya mama aliyejifungua saa chache zilizopita, mwenye uchungu na usingizi, anayeona nguo nyeupe na anayeogopa kuonekana mkaidi, ina uzito gani? Kuna wazee wetu wanaofukia zalio na kuficha nywele za kwanza za mtoto, na kabla arobaini haijaisha hawapendi wageni wamtazame. Huitwa ushirikina. Mimi naona ndani yake fikra ya zamani kwamba kitu kilichotoka mwilini mwa mtoto hakiachwi mikononi mwa usiyemjua. Anayetaka kidole cha mtoto Kinango aanze na fikra hiyo. Amweleze mama kwa Kiduruma, kwa Kidigo au kwa Kiswahili chepesi, tena wakati wa kliniki za ujauzito, akiwa na nafasi ya kwenda kumuuliza mumewe, mamake na mkunga wa kijijini. Aambiwe alama zitakaa kompyuta ya nani, Kwale, Nairobi au Japani, kwa miaka mingapi. Na aambiwe waziwazi kwamba akikataa, mtoto atapata chanjo vilevile.

Mtoto aliyezaliwa Kinango mwaka 2019 sasa yuko shule ya msingi. Mwaka 2037 atatimiza miaka 18, ataenda kuomba kitambulisho, na karani atamwambia aweke kidole. Kidole kitakuwa kimerefuka na pengine kina kovu la panga au la mwamba, huku matuta yakiwa yaleyale yaliyochorwa tumboni.