Apataiti: Neno Geni Lililomo Vinywani Mwetu



Katika ziara zetu za miradi ya maji mkoani Singida, swali moja hujirudia: "Maji yetu ni safi na tunayachemsha, mbona meno ya watoto wetu ni ya kahawia?" Jibu limo katika maneno machache ya kikemia ambayo wataalamu huyataja harakaharaka kwenye mikutano ya kijiji. Tumeona ni vema tuyafafanue.

Neno la kwanza ni florini. Hii ni gesi kali sana ambayo mkemia wa Ufaransa, Henri Moissan, alifanikiwa kuitenga mwaka 1886. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutiririka, kwa kuwa mawe yenye florini yalitumika kusaidia madini kuyeyuka. Gesi hii haimo kisimani.

Kilichomo kisimani ni floraidi, yaani florini iliyo katika hali ya chumvi iliyoyeyuka. Hutoka kwenye miamba, na maji yanayokaa chini ya ardhi kwa muda mrefu huichukua taratibu. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye tatizo hili, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga. Wana wa Israeli walipofika Mara (Kutoka 15) waliyatambua maji mabaya kwa uchungu wake. Floraidi haitupi onyo la namna hiyo, kwani haionekani wala hainuki.

Neno la tatu ni apataiti. Mjerumani Abraham Werner aliyapa madini haya jina hilo mwaka 1786 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kudanganya, kwa sababu watu waliyachanganya na madini mengine. Ni madini ya kalsiamu na fosfati. Mawe ya mbolea ya Minjingu, mkoani Manyara, ni ya jamii hii. Meno na mifupa yetu pia imejengwa kwa aina yake iitwayo haidroksiapataiti.

Tabia ya apataiti ni kuishika floraidi. Zikikutana, hugeuka kuwa floroapataiti. Kwa kiasi kidogo jambo hili ni la faida, kwani jino huwa imara zaidi dhidi ya asidi. Ndiyo maana dawa nyingi za meno zina floraidi.

Ikizidi, huleta florosisi, ambalo ni neno letu la nne. Tangu utotoni hadi kama miaka 8, meno ya ukubwani yanajengwa yakiwa bado ndani ya ufizi. Floraidi nyingi huvuruga ujenzi wa tabaka la nje, likabaki na vitundu vidogo. Jino likishatoka, vitundu hivyo hunyonya rangi. Kwa hiyo binti anayefunika mdomo akicheka si mchafu, wala hajalogwa, na mswaki hautaiondoa rangi hiyo. Mtu mzima naye hayuko salama. Akinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, viungo vyake huweza kuuma na kukakamaa.

Hapa tunapaswa kukiri. Kwa muda mrefu tulifundisha kwamba maji ya kisima kirefu yakichemshwa ni salama. Kwa vijidudu ni kweli. Kwa floraidi si kweli, maana mvuke huondoka na floraidi hubaki, tena katika maji machache zaidi.

Kipimo nacho kimebadilika. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na mwaka 2018 hadi 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Kisima kilichofaulu zamani chaweza kushindwa leo. Kamati za maji zisiridhike na cheti cha zamani. Ziombe RUWASA au maabara ya maji ipime upya.

Wakati mkisubiri majibu, tunashauri yafuatayo:

1. Maji ya mvua yahifadhiwe kwanza kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto wadogo na wajawazito.

2. Kisima chenye floraidi kisifungwe ovyo. Maji yake yafae kufulia na kuoshea.

3. Tupunguze magadi kwenye mlenda, maharage na makande, kwani baadhi ya magadi yana floraidi nyingi.

4. Chujio la mkaa wa mifupa laweza kutumika. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeufanyia kazi utaalamu huu kwa miaka mingi.

Mkaa huo hufanya kazi kwa sababu mifupa ya ng'ombe nayo ni apataiti. Ikichomwa kwa joto linalofaa na hewa kidogo, huishika floraidi kabla haijafika kwa mtoto. Lakini mkaa huchoka. Usipobadilishwa kwa wakati, chujio hubaki pambo, na familia huendelea kunywa floraidi ikidhani imekingwa. Basi kabla ya kununua chujio, kijiji kikubaliane nani atapima maji, nani atabadilisha mkaa, na fedha zitatoka wapi.

Mungu awabariki, na azibariki kamati zetu za maji.