Akiba ya Fundi Kati ya Kazi na Kazi: Ihesabiwe kwa Masika (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia namna fundi anavyopanga bei ya ufundi wake. Leo tunalikabili swali linalowasumbua waashi, maseremala na mafundi bomba wa Singida: kazi ikiisha, akiba kiasi gani itamvusha mtu mpaka apate nyingine?

Washauri wengi wa fedha hutaja matumizi ya miezi 3 hadi 6. Jibu hilo linamfaa mtu asiyejua kazi itakatika lini. Fundi wa Singida anajua. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Disemba hadi Aprili. Wakati huo tofali hazichomeki, njia za vijijini Mkalama na Iramba zinaharibika, na mteja mwenyewe fedha yake ameizika shambani. Ujenzi hurudi watu wakishavuna na kuuza alizeti na vitunguu. Ndiyo maana bei ya alizeti ilipoporomoka mwaka 2023, aliyeumia hakuwa mkulima peke yake. Nyumba iliyosubiri bati iliendelea kusubiri, na fundi wake pia.

Ugumu unazidi kwa sababu miezi hiyo ya kukosa kazi ndiyo debe la mahindi hupanda bei, na Januari shule hufunguliwa. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, lakini sare na madaftari bado ni juu ya mzazi.

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano mjini Singida. Tuseme chakula ni Sh 180,000 kwa mwezi, kodi ya vyumba viwili 60,000, maji, umeme na mkaa 50,000, shule na matibabu 40,000, nauli na simu 20,000. Jumla ni Sh 350,000. Kwa miezi 5, Disemba hadi Aprili, ni Sh 1,750,000. Vibarua vidogo, kama kuziba bati linalovuja au kurekebisha mlango, vikileta Sh 100,000 kwa mwezi, pengo linalobaki ni Sh 1,250,000. Likigawanywa kwa miezi 7 ya kazi, fundi anapaswa kutenga karibu Sh 180,000 kila mwezi. Ni fedha nyingi. Asiyeweza kuitenga aelewe kwamba bei anayotoza ni ndogo mno, maana inamlisha siku za kazi tu.

Sehemu ya akiba hiyo isiwe fedha kabisa. Gunia la mahindi lililonunuliwa Julai na kuhifadhiwa vizuri linamwepusha fundi na bei ya Februari. Kuku wa kienyeji, ambao mkoa huu unasifika kwao, nao ni akiba, mradi wachanjwe dhidi ya kideri kila baada ya miezi 3. Vifaa vya kazi visihesabiwe kamwe: anayeuza mashine ya kuranda mwezi Machi ataikodi mwezi Juni.

Lipo tumaini linalowapotosha wengi, la mradi mkubwa. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kutokana na mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na mafundi wa kila wilaya walipata kazi kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani wa kutumia mafundi wa mahali badala ya mkandarasi. Madarasa yalipokamilika, kazi ile ikaisha. Kazi ikiisha hivyo, mfanyakazi aliyeajiriwa ana kinga: aliyechangiwa kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kwa angalau miezi 18, akiachishwa kazi pasipo hiari yake, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Fundi anayejitegemea hana mwajiri wala mshahara wa kupimia fao hilo. Fao lake ni lile atakalojiwekea.

Fedha ya Disemba na Januari naona ikae benki au kwenye simu, ipatikane haraka. Ile ya Februari hadi Aprili ikae kikoba, ambako haichukuliki kwa tamaa ya siku moja. Lakini vikoba vingi huvunjwa Disemba, na mgao huishia kwenye sikukuu. Nawasihi mafundi mlio kwenye vikundi: katika kikao kijacho ombeni mgao uhamishiwe mwisho wa Januari, na uamuzi huo uandikwe kwenye katiba ya kikundi kabla msimu wa kazi haujaisha.

Wiki ijayo: mkataba wa maandishi na malipo yanayocheleweshwa.