Kudunga Wasee Chienge

Desemba 1 ikifika, Ziwa Mweru la Zambia linafungwa. Hakuna nyavu mpaka Februari iishe, na machali wa Chienge, hapo ziwani, wanasota mbaya. Hapo ndio ile stori ya flebotomisti, yaani mtoa damu, inatokea kwa simu: kosi ya wiki kadhaa, unadunga wasee mshipa, unakunja doo.

Haijakosewa, ni vile iko mbali. Ni form ya Marekani. Huko kutoa damu ni wera kivyake, na majimbo mengi hayadai laiseni, ni mdosi ndiye anadai cheti. California ndio wakali: masaa 40 darasani, 40 ya mazoezi, mishipa 50 na vidole 10 udunge kwanza. Na munde? Mei 2024, nusu ya wadungaji wa Marekani nzima walikuwa wanaingiza zaidi ya dola 43,660 kwa mwaka.

Huku ziwani, sindano haina ofisi yake. Anayekufunga mkono ni nesi ama msee wa labu, na huyo wa labu ndiye pia anapaka tone kwa kioo na kuinamia darubini akisaka malaria. Na malaria iko tele. TDRC, kituo cha utafiti wa magonjwa kule Ndola, wameisoma hapo Nchelenge, wilaya jirani, miaka mingi. Mvua ikishika, yaani taimu ile ile samaki wamefungiwa, foleni ya labu inatoka nje ya mlango.

So pepa ya kusaka ni diploma ya bayomedikali, miaka 3 baada ya Gredi ya 12. Chuo cha Ndola kinaitwa Ndola College of Biomedical Sciences. Hesabu na sayansi usizichezee. Ukimaliza lazima HPCZ, baraza la wataalamu wa afya, wakusajili, na laiseni unalipia upya kila mwaka. Bila hiyo wewe ni raia tu umevaa glavu.

Serikali hulipa kwa skeli, si kwa mikono umedunga, na ukitupwa mashinani kuna marupurupu ya mazingira magumu. Kuajiriwa ndio ngori. 2022 walibeba wahudumu wa afya 11,276 mpigo mmoja, lakini mpigo kama huo hauji kila mwaka.

Kabla uuzishe nyavu za budako, jiunge na mavolontia wa kijijini wanaopima malaria kwa kidole. Doo ni kidogo ama hakuna, jibu linatoka kama dakika 15. Tone likikuzimisha, Machi 1 ziwa linafunguliwa.