Ala ya Bastola Si Pambo wala Si Mfuko

Kiswahili ni lugha makini katika mambo ya silaha. Mishale ina podo lake. Upanga, kisu na jambia vina ala. Mafundi wa Omani huinakshi ala ya jambia kwa nyuzi za fedha hata mtazamaji akadhani kwamba ni pambo la kiunoni tu. La hasha! Kabla haijawa pambo, ala ni kinga, na anayekingwa kwanza si adui bali ni mvaaji mwenyewe, asije akachanjwa na chuma anachokibeba.

Bastola imelirithi neno hilo, nayo inalistahili. Hata hivyo, katika insha za wanafunzi, na wakati mwingine katika hadithi zilizochapishwa, tunasoma kwamba askari 'alitoa bastola mfukoni'. Yamkini mwandishi ameathiriwa na sinema, ambamo shujaa huchomeka silaha kwenye suruali kana kwamba ni kitana. Msomaji atauliza: kuna ubaya gani? Mfuko na ala si vyote ni vitu vya kutilia? Jibu ni kwamba tofauti ya maneno haya mawili ni tofauti ya uhai na mauti. Mfuko hupokea chochote: funguo, kalamu, kamba. Ala hupokea kitu kimoja tu, kile ilichokatiwa.

Tuchukue mfano wa bastola aina ya Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichagua mwaka 1982. Mwaka 2013 Uingereza nayo iliwapa wanajeshi wake bastola hiyo badala ya Browning, iliyokuwa imetumika kwa zaidi ya miaka 40. Wakati huo wanajeshi wa Uingereza walikuwa Afghanistan, ambako baadhi ya mashambulizi yalitoka kwa watu waliovaa sare za majeshi rafiki. Askari alihitaji silaha anayoweza kuibeba ikiwa na risasi tayari ndani ya chemba, kwa maana hatari ingeweza kuzuka ghafla. Ile Browning ina kizuizi cha usalama ubavuni, ambacho askari hukisukuma kwa kidole gumba. Glock haina kizuizi cha namna hiyo. Vizuizi vyake vimejengwa kwenye kifyatuo na ndani ya mashine yenyewe, navyo huachia pale kifyatuo kinapovutwa, kwa nguvu ya takriban kilo mbili na nusu.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili. Kifyatuo hakina akili. Hakitofautishi kidole cha askari na pindo la shati, wala na kamba ya koti iliyonasa ndani. Maadamu bastola haina kizuizi cha nje, basi ala yenyewe imegeuka kuwa sehemu ya usalama wa silaha. Kwa hiyo sharti la kwanza katika kuchagua ala ni hili: iwe imekatiwa aina ileile ya bastola, iwe ngumu, na ifunike kifyatuo pamoja na kikingio chake chote. Ngozi ni nzuri na ya heshima, lakini hunyonya maji na jasho. Ikizeeka hulegea, na mdomo wake ukijikunja ndani unaweza kukibonyeza kifyatuo. Ndiyo maana wengi siku hizi huchagua plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la silaha.

Sharti la pili ni kwamba kazi ndiyo ichague ala. Historia ya jeshi la Marekani inalithibitisha hili. Baada ya kupitisha bastola ya M1911, jeshi hilo liliwapa askari ala ya ngozi ya mwaka 1916, yenye kifuniko kipana cha kuzuia mvua na vumbi. Lakini katika Vita vya Pili vya Dunia, askari wa vifaru na marubani waliona taabu: ala ya kiunoni ilinasa katika viti na milango myembamba. Wakapewa ala za kuvaliwa begani, bastola ikalala ubavuni chini ya kwapa. Ilipokuja bastola ya M9 mwaka 1985, ilifuatana na ala ya kitambaa kigumu iliyoweza kugeuzwa ili itumiwe na mwenye mkono wa kulia au wa kushoto. Kila badiliko lilizaliwa na haja, wala si na mtindo.

Askari wa leo naye hana budi kupima. Ala ya kiunoni ni tulivu na haimchoshi mvaaji, lakini huzibwa na fulana ya kuzuia risasi au ukanda wa shanta. Ala ya pajani huikwepa fulana hiyo. Hata hivyo, ikishushwa mno hupigapiga mguu wakati wa kukimbia, kwa hiyo sharti ipandishwe karibu na nyonga. Ala ya kifuani humfaa dereva aliyeketi, ila bastola inapochomolewa, mtutu unaweza kumpitia mwenzake aliye ubavuni. Hakuna ala isiyo na ila.

Sharti la tatu ni komeo. Askari huruka mitaro, huparamia kuta, na pengine hukabwa na adui. Bastola ikiponyoka, imebadilisha mwenyewe. Basi ala ya kazini iwe na kifuniko, ukanda au komeo la ndani. Lakini komeo nalo lataka kuchunguzwa. Kuna ala maarufu ambayo komeo lake hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe kwa kidole cha shahada, kidole kilekile kinachovuta kifyatuo. Askari mwenye taharuki akizidi kukaza kidole hicho huku bastola inatoka, kidole huweza kuteleza hadi kwenye kifyatuo, risasi ikaishia katika paja lake. Baadhi ya vyuo vya mafunzo huko Marekani viliipiga marufuku.

Ala bora haitoshi bila adabu ya kuivaa. Ifungwe kwenye mkanda mgumu usiopinda, na ikae mahali palepale kila siku, ili mkono uijue njia hata gizani. Mchanga na matope yaondolewe, skrubu zikaguliwe. Mazoezi ya kuchomoa yaanze na silaha tupu, iliyokaguliwa zaidi ya mara moja. Wakati wa kurudisha, ambao aghalabu una hatari kuliko wa kuchomoa, kidole kinyooke nje ya kifyatuo, nguo isogezwe, macho yatazame mdomo wa ala, na mkono uende polepole. Ukihisi kizuizi, usisukume. Toa, tazama, anza upya. Haraka haraka haina baraka, na hakuna nishani ya kuirudisha bastola upesi. Tena, anayetaka kuvua silaha kwa muda asiishikeshike bila sababu. Ikiwezekana aivue ala pamoja na bastola iliyomo. Na aendapo msalani asiiache ining'inie kwenye mkanda uliolegezwa, maana wakati wa kuinuka huanguka, au husahauliwa huko.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huu hutufariji katika misiba, lakini pia huwaficha wazembe. Katika jeshi la Uingereza, risasi inayotoka kwa sababu askari hakuwa mwangalifu haiitwi ajali. Huitwa ufyatuaji wa kizembe, na mhusika huweza kushtakiwa chini ya sheria za kijeshi. Tazama jinsi neno moja linavyobadilisha mambo! Palipoitwa ajali, kila mtu huinamisha kichwa na kwenda zake. Palipoitwa uzembe, mtu huulizwa: ala yako ilikuwa ya aina gani, na kidole chako kilikuwa wapi?

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukikutana na 'bastola mfukoni' katika insha, usipige mstari mwekundu ukapita. Mweleze mwanafunzi sababu. Huenda miongoni mwa hao unaowafundisha yumo atakayevaa sare na kukabidhiwa silaha ya umma. Afadhali ajue mapema kwamba chuma kile kina nyumba yake, na kwamba nyumba hiyo imejengwa kwa ajili ya usalama wake yeye, wa wenzake, na wetu sisi tunaopita karibu naye.